Cheni Mbili za Mti wa Shule

Msumeno ulikufa siku ya pili, saa tatu asubuhi, ukiwa umezama gogoni kiasi cha kiganja kimoja tu. Ulikohoa, ukatoa moshi wa buluu, ukanyamaza. Shemeji yangu akavuta kamba ya kuwashia mara nne, mara tano, akavuta mpaka shati likachomoka kwenye suruali. Kimya.

"Umechoka," akasema. "Tuupumzishe."

"Haujachoka huo," dada yangu akamjibu. "Umekufa. Kilichochoka hakinuki hivyo."

Gogo lenyewe lilikuwa limelala nyuma ya madarasa, refu kama basi, na nene kiasi kwamba dada akisimama upande wa pili nilikuwa naona kilemba chake peke yake. Ulikuwa mti wa shule. Ulikaukia pale pale umesimama, miaka mitatu, kila mtu anauogopa, mpaka upepo wa mwezi uliopita ulipouangusha juu ya uzio. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuja mwenyewe mpaka dukani kwa dada.

"Mama Tanuri, mti ule chukua wote, bure. Ila siku ya kufungua shule nataka uwanja mweupe. Kikibaki hata kipande, tingatinga linakuja kusukuma kila kitu na kukifukia."

Alitupa siku tisa.

Ngoja nieleze kwa nini mti ule ulikuwa roho ya mtu. Dada yangu ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu, na kazi yake ni kuoka mikate kwenye tanuri la matofali. Kabla ya kupata lake aliwakandia watu wengine unga miaka kumi na moja. Tanuri lile halitaki kuni laini. Kuni laini zinawaka kwa fujo, zinaisha, matofali yanabaki vuguvugu, na mkate unatoka umepauka kama mgonjwa. Linataka kuni ngumu, zile ambazo ukizitupa majini zinazama, zinazoacha kaa linalokaa. Na kuni hizo zilikuwa zimeadimika. Muuzaji wake aliacha biashara, na kwa miezi mitatu dada akawa anachoma mbao za makasha. Wateja wakaanza kuhamia kwingine, baadhi kwa adabu, baadhi bila adabu.

"Nisipopata kuni za maana mwezi huu," alituambia siku moja akifuta meza, "nafunga. Narudi kukandia watu." Alisema kwa sauti ya mtu anayekwambia chumvi imeisha. Hapo ndipo ukajua hatanii. Na mti ule, ukipasuliwa wote, ulikuwa kuni za mwaka mmoja na nusu.

Sasa turudi kwa shemeji. Mtaa mzima unamwita Injinia, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kukitengeneza kikarudi kama kilivyokuwa. Msumeno uliokufa ulikuwa mdogo, wa kupunguzia matawi. Injinia alitazama gogo, akatazama lile bamba la chuma ambalo cheni ya meno hulizunguka, akaona ni fupi. Akaazima bamba refu mara mbili, akalifunga kwenye injini ile ile. Kwa macho ulipendeza. Siku ya kwanza tulikata matawi, naye akatembea uwanjani kama mwenye shamba. Siku ya pili tukaingia kwenye gogo.

"Umemvisha mbuzi pembe za ng'ombe," nikamwambia.

"Shemeji, si urefu ulitosha?"

"Urefu ulitosha. Aliyebebeshwa ndiye hakutosha."

Dada hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Akanigeukia. "Kaka, wewe ndiye unayajua haya. Tunataka msumeno gani?"

Hapo nilipaswa kusema ukweli, na sikuusema.

Mimi ni mtu wa njia. Nimefanya kazi bandarini, machimboni, jikoni kwenye hoteli mbili, na miaka sita kwenye kambi ya wakata miti. Nikirudi kwa dada, kila baada ya mwaka au miwili, nalala kwenye chumba cha unga wiki mbili, nasimulia, naondoka. Na ile ya kambi ya miti ndiyo hadithi waliyoipenda kuliko zote. Jinsi nilivyokuwa naangusha mti unene wa nyumba, nauambia uangukie pale, nao unaangukia pale pale. Niliisimulia mara nyingi hata nami nikaanza kuyaona magogo.

"Tununue mkubwa kuliko yote," nikasema. "Mti ule hautaki mchezo."

Tukarudi nyumbani, dada akaingia ndani, akatoka na bahasha. Niliijua. Ilikuwa ya mashine ya kukandia unga. Alikuwa ameiwekea kidogo kidogo tangu viganja vilipoanza kumuuma. Akaisukuma ndani ya pindo la kanga kama mtu anayeficha peremende, akasema, "Mikono itavumilia. Tanuri haliwezi."

Duka la misumeno lilikuwa na harufu ya petroli na oili. Misumeno ilining'inia ukutani midomo ikitazama chini. Nje, juu ya vijiti viwili, palikuwa na gogo la kujaribia, limejaa mikato kama sega. Fundi mwenye duka alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi kisogoni, na akiongea anakutazama mikono badala ya uso.

"Mti gani?" akauliza.

"Wa shule," Injinia akajibu.

"Bwana, sijauliza mti unakosoma."

Dada akaeleza: mgumu, mkavu miaka mitatu, nene hivi. Fundi akashusha mitatu. Wa kwanza injini ya cc hamsini, wa pili sabini, wa tatu tisini, na huo wa tatu aliushusha kwa mikono miwili na pumzi moja. Akauwasha wa kwanza, akakata kipande kwenye gogo la nje kama anayekata tikiti. Akauwasha wa pili: tikiti. Wa tatu, nao tikiti.

"Mama umeona? Chagua tu."

"Nimeona gogo lako ni laini," dada akasema. "Mimi sinunui unga kwa kutazama gunia. Nachukua konzi moja, naukanda, ndiyo naujua. Hilo la kwako ni mkate tayari. Ngoja niletewe langu."

"Hapa hatufanyi hivyo, mama."

"Hujafanya. Leo utafanya." Akamgeukia mumewe. "Baba nanihii, kalete lile tawi kubwa kwa mkokoteni wa mikate."

Injinia akaondoka mbio. Fundi akatuletea vigoda. Baada ya muda ukaonekana mkokoteni wa mikate unapanda barabara, umebeba kipande cha tawi nene kama kiuno cha mtu mzima, na watu wawili watatu nyuma yake wakitaka kujua dada sasa anauza nini.

Msumeno wa kwanza uliingia vidole vitatu ukazimika. Fundi akauwasha tena, ukazimika tena. "Huu hapana," akasema mwenyewe, akaurudisha ukutani. Wa pili ulikuwa na nguvu, lakini ulikuwa unang'ata, unaruka, unakwama, unang'ata tena, fundi mwenyewe amekaza taya. Aliuondoa ukiwa nusu ya njia. Wa tatu ulipita. Ulilia kama pikipiki tatu, ukatetemesha mkokoteni, lakini ulipita mpaka chini na kipande kikadondoka kwa kishindo kama jiwe.

"Huo ndio," nikasema haraka.

"Nani atakuwa anakata?" fundi akauliza.

"Kaka yangu," dada akasema, na nikasikia jinsi alivyolisema kwa fahari. "Amekata misitu huyu."

Fundi akaniwekea msumeno mkubwa miguuni. "Karibu, mzee. Nionyeshe."

Nikainama. Nilichofanya sikukifikiria, mkono ulikwenda wenyewe. Nikageuza bamba, nikapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye jino la kwanza, nikaruka moja, nikapitisha kwenye la tatu. Kisha nikainua cheni kidogo kuona imelegea kiasi gani. Nilipoinua macho, fundi alikuwa anatazama mikono yangu na kutabasamu.

"Mzee, wewe hukuwa mkataji," akasema polepole. "Mkataji anashika mpini. Wewe umekwenda kwenye meno. Wewe ni mnoaji."

Ningeweza kukataa. Lakini dada alikuwa amesimama pale na bahasha yake, na mti ulikuwa unatusubiri wenyewe, hauna habari na hadithi zangu.

"Ni kweli," nikasema. "Miaka sita. Nilikaa kambini chini ya turubai na tupa, nawanolea wenzangu cheni. Kukata, nilijaribu mara mbili. Ya pili ndiyo iliyonipa hili kovu la paja."

Dada akanigeukia. "Na ile miti iliyokuwa inaanguka pale unapotaka?"

"Ilianguka, mdogo wangu. Nilikuwa naiona vizuri kabisa kutoka pale nilipokaa."

Injinia ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mkokoteni. "Shemeji! Na lile gogo lililotaka kumfunika msimamizi ukamvuta shati?"

"Shati lilikuwepo."

Dada hakucheka, ila mdomo ulimchezacheza. Alifunga kanga vizuri kiunoni. "Basi nitakata mimi," akasema. "Fundi, nishikishe."

Akauchukua ule mkubwa. Akauinua hadi kiunoni, akasimama nao. Baada ya muda mikono ikaanza kutetemeka kwenye viwiko. Fundi akamwonyesha kuvuta kamba; akavuta, kamba ikamrudi, ikamnyang'anya mkono. Akauweka chini, bila aibu. "Huu nitaushika nusu saa, na mti haukatwi kwa nusu saa." Akachukua wa pili. Akaushika kiunoni, akainama nao, akauzungusha upande, akazunguka mkokoteni mara mbili huku akimuuliza mumewe kama alifunika unga kabla ya kutoka. Sauti yake haikubadilika. "Huu ni uzito wa donge langu la asubuhi. Nalijua." Akavuta kamba. Ukawaka mvuto wa pili.

"Lakini huo si ulikuwa unakwama?" Injinia akasema. Mara moja kwa mwaka huwa anasema la maana.

Nikaomba kuiona cheni yake. Nilipoitazama karibu nikaelewa, nikamtazama fundi naye akatazama pembeni. Kila jino la cheni lina kinundu kidogo cha chuma mbele yake, kinachoamua jino limege kiasi gani. Vinundu vya cheni ile vilikuwa vimechongwa chini mno, na meno yamechongwa membamba kama ya panya. Kwenye mti laini hiyo inakimbia raha. Kwenye mti mkavu mgumu, kila jino linataka tonge kubwa kuliko mdomo.

"Umeinoa kwa ajili ya hilo gogo lako la nje," nikamwambia.

"Mteja anapenda kuona ikikimbia," akasema, akijikuna chini ya ule uzi wa miwani. "Mtu na biashara yake, mzee."

"Lete tupa."

Kinundu hakipandishwi kikishashuka. Unachoweza ni kuyanoa meno yarudi nyuma na kushuka, kidogo kidogo, mpaka kimo chake kikaribiane na vinundu, na kuyapa pembe butu zaidi, yenye nyama. Nilikaa kwenye kigoda karibu saa nzima. Tupa inasukumwa mbele tu, hairudi na jino. Misukumo sawa kwa kila jino, upande huu wote kwanza, kisha ule. Fundi alikuja akachuchumaa, akatazama, akaacha kuuza vitu.

Dada mwenyewe ndiye aliyejaribu, fundi akiwa nyuma yake amemshika mabega. Msumeno haukuruka. Uliingia kwa mlio mmoja mnene, vumbi likawa linatoka vipande vipande kama pumba nene, si unga. Kipande kikadondoka. Dada akazima injini. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na furaha ya mtu aliyesikia habari njema ambayo bado hajaiamini.

"Huu," akasema. "Na cheni ya pili ya akiba."

Wakati wa kufunga mzigo, fundi alimshika Injinia mkono. "Bamba lake ni fupi kuliko gogo lenu, na ndivyo inavyotakiwa. Mnakata upande huu, mnazunguka, mnakata ule. Umenielewa? Bamba usiliguse."

"Kwani nimesema kitu?"

"Nimeona unavyolitazama."

Tukaanza siku ya tatu. Dada alikuwa anaoka alfajiri kwa hayo mabaki ya makasha, saa mbili anafunga duka, saa mbili na nusu yuko shuleni, unga bado mikononi na vumbi la mti linajishika juu yake. Mimi nilikaa juu ya kisiki. Cheni moja ilikuwa inakata, nyingine iko pajani kwangu. Mti mkavu namna ile unakula meno. Kila tangi moja la petroli likiisha, anakuja, tunabadilisha, anakunywa maji, anarudi. Injinia alipasua vipande kwa nyundo na kabari na kuvipeleka nyumbani kwa mkokoteni, na lazima niseme, katika kazi hiyo isiyo na skrubu hata moja alikuwa hodari kabisa.

Siku ya sita tulikuwa katikati. Siku ya nane, saa nne, kilikuwa kimebaki kipande cha shinani, kinene kuliko vyote, urefu wa vitanda viwili. Dada akaingiza msumeno, na nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kambini. Chuma juu ya chuma. Cheche zikaruka. Akazima papo hapo.

Tukapasua pale kwa kabari. Ndani kabisa ya mti, imemezwa na mbao mpaka haikuonekana kwa nje, palikuwa na kulabu nene ya chuma. Mwalimu mkuu alikuja akaitazama. "Kengele," akasema. "Zamani kengele ya shule ilikuwa inaning'inia kwenye mti huu. Walimu wa kabla yangu walikuwa wakisimulia. Sikujua kulabu iliachwa." Akatutazama, akatazama kipande kilichobaki. "Kesho ni siku ya tisa, Mama Tanuri."

"Naijua, mwalimu."

Cheni ilikuwa imeng'oka makali yote ya upande mmoja. Na ile nyingine, ya kwanza niliyoinoa dukani? Hiyo ilikuwa imeishiwa. Meno yake nilikuwa nimeshayanoa mpaka yamebaki kama punje za mchele, na asubuhi ile mawili yalikatika. Duka la fundi lilikuwa limefungwa. Jirani yake alituambia amesafiri, atarudi baada ya siku tatu. Dada akakaa chini ya ukuta wa darasa, msumeno mapajani. Hakulia. Alikuwa anageuza viganja vyake, anavitazama, na nikajua anachokiona: meza ya mtu mwingine, unga wa mtu mwingine.

"Nipe hiyo iliyogonga chuma," nikasema.

"Imekufa, kaka."

"Injini ya mumeo ndiyo iliyokufa. Hii imeng'oka makali, basi."

Niliinoa tangu saa tano mpaka jua lilipoanza kushuka nyuma ya madarasa. Inabidi urudishe kila jino hadi upite pale lilipoumia, halafu uyarudishe na ya upande usioumia kwa kipimo hicho hicho, la sivyo msumeno utavuta upande na kukata kama mlevi. Halafu vinundu vyote navyo uvishushe, kwa mizani, visije vikashuka mno. Injinia alinishikia bamba lisicheze. Kisha akasema, "Shemeji, hadithi hii ungeisimulia tangu mwanzo. Ni nzuri kuliko ile ya kuangusha."

"Hii haina kishindo."

"Ndiyo. Lakini naiona."

Siku ya tisa dada alianza kukata mapema. Akakwepa ile kulabu, akaingia kutoka upande wa pili, akazunguka, akaingia tena. Mara tatu tulibadilishana: yeye anapumzika, mimi napitisha tupa. Kipande cha mwisho kilianguka saa kumi jioni. Tukazoa maganda, tukafagia pumba. Mwalimu mkuu alitembea uwanja wote mikono nyuma, akaokota kijiti kimoja kirefu kama kidole, akampa dada.

"Hiki umesahau," akasema, na ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Kesho yake, watoto wakiwa wanaingia shuleni, tanuri lilikuwa limekunywa kuni ngumu usiku kucha. Dada alisukuma makaa pembeni, akatia mikate. Alipoitoa ilikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, na akaugeuza mmoja, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ukaitika kama mlango wa mbao. Akaugonga tena bila sababu yoyote, ili ausikie tu. Mwanamke wa kwanza aliyefika dirishani alikuwa hajaonekana mwezi mzima. Alinusa, akaomba miwili, akaongeza wa tatu.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu. Wiki zangu mbili zilikuwa zimepita tangu juzi, na miguu ilikuwa inaniwasha kama kawaida yake.

"Basi, mdogo wangu," nikamwambia, "kazi ya kuni imekwisha, naona nianze safari."

Alifungua mlango wa nyuma. Uani, kutoka ukutani hadi ukutani, vilipangwa vipande vya shinani ambavyo Injinia alikuwa amevileta jana, vikubwa kama mawe ya kusagia, vyote vikisubiri kukatwa nusu na nusu tena ndipo viingie mlangoni mwa tanuri. Juu ya kimoja alikaa Injinia mwenyewe, cheni mpya iliyonunuliwa na mtu aliyetumwa juzi mji wa pili na kurudi usiku iko mkononi, na anaipima kwa jicho lile lile analotazamia mabamba.

"Imekwisha?" dada akauliza.

Nikatazama zile kuni. Nikamtazama Injinia, akiwa ameshachomoa bisibisi mfukoni.

"Shemeji!" nikamwita, nikiweka mfuko chini. "Weka hiyo chini. Taratibu. Nipe tupa."